Kuhesabu viboko kwa droni: mwongozo kamili, kuanzia kibali hadi namba ya mwisho

Nimekuwa nikiletewa picha za viboko zilizopigwa kwa droni na wanafunzi wa vyuo vya wanyamapori, askari wa hifadhi za jamii na waongoza watalii. Picha ni nzuri. Swali linalofuata ni lilelile kila mara: "Kwa hiyo ni wangapi?" Hapo ndipo kazi inapokwama. Mmoja amehesabu 31, mwenzake 44, bwawa lilelile, asubuhi ileile. Mwingine ameziunganisha picha zake zote kuwa ramani moja, programu ikamfutia sehemu ya kundi, naye hakugundua.

Kurusha wanajua. Wanachokosa ni utaratibu wa kuhesabu mnyama ambaye muda mwingi wa mchana yuko majini, akizama na kuchomoza. Picha moja inakuonyesha waliochomoza sekunde ile tu. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo moja.

Nimeandika kwa ajili ya mabwawa na mito ya kiangazi, kama yale ya Mto Katuma kule Hifadhi ya Taifa ya Katavi, Tanzania. Ukihesabu flamingo au mamba, baadhi ya hatua zitakufaa, lakini usizichukue zote kama zilivyo.

## Vifaa

Andaa hivi kabla hujafunga safari:

- Droni ya mapanga manne yenye kamera inayoweza kutazama chini wima. Hesabu zangu zote hapa zimefanywa kwa Phantom 4 Pro. Ni ya zamani kidogo, lakini wengi bado wanayo, na shata yake ya kimakanika (kifuniko kinachofunguka na kufunga kuruhusu mwanga uingie kamerani) haipindishi picha droni ikiwa inatembea.
- Betri tatu au zaidi, na njia ya kuzichaji porini.
- Memori kadi mbili, na diski mbili za nje za kuhifadhia nakala.
- Kishikwambi au simu yenye kivuli cha skrini, maana jua la kiangazi halikuachi uone kitu.
- Darubini moja kwa mtu atakayekaa ukingoni.
- Turubai jeupe, au ubao, wenye urefu wa mita 2 kamili. Pima kwa futi ya fundi, usikisie.
- Daftari na kalamu. Simu itazima, daftari halizimi.
- Kompyuta yenye QGIS (programu ya ramani) au DotDotGoose (programu ya kuweka nukta na kuhesabu vitu kwenye picha). Zote mbili ni za bure.

Watu: rubani, mwangalizi wa anga na wanyama, na mtu wa darubini. Ndani ya hifadhi ongeza askari mwenye silaha. Usifanye kazi hii peke yako. Rubani macho yake yako angani na kwenye skrini, na kiboko anayerudi majini hakusubiri utue.

## Hatua ya 1: Maliza vibali kwanza

Tanzania, droni husajiliwa TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), na kibali cha Wizara ya Ulinzi nacho kinahitajika. Ndani ya hifadhi ya taifa unaomba TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), kwenye mapori ya akiba TAWA (mamlaka ya wanyamapori), na Ngorongoro wana mamlaka yao. Kama ni utafiti, TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) wanaingia. Kenya ni KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) chini ya kanuni za 2020, kisha KWS (shirika la wanyamapori) kwa maeneo ya wanyama, na NACOSTI (tume ya sayansi na teknolojia) kwa kibali cha utafiti.

Anza miezi kadhaa kabla. Kibali cha anga hakikupi ruhusa ya hifadhi, na cha hifadhi hakikupi ruhusa ya anga. Wengi wamezuiwa getini wakiwa na karatasi moja wakidhani inatosha.

Viboko wengi wako nje ya hifadhi, kwenye ardhi ya vijiji. Huko nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, ongea na wavuvi, na waeleze wanaochota maji mtaruka siku gani na saa ngapi. Kitu kinacholia juu ya watu wasioambiwa huleta hofu, na wana haki ya kuhofu.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi zote kwenye bahasha moja, na jina la ofisa wa zamu unayeweza kumpigia.

## Hatua ya 2: Chagua msimu na saa

Msimu ni kiangazi kikali. Katavi, kuanzia Agosti hadi Oktoba, maji hubaki kwenye mabwawa machache na viboko husongamana humo hadi migongo inagusana. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika maji wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi tangu 1993, na huko pia wanyama hukusanyika kwenye mabwawa yaliyobaki. Masika wanatawanyika kwenye vijito na mabwawa ya mvua, na hesabu ya masika haiwezi kulinganishwa na ya kiangazi.

Saa inaamuliwa na mng'ao. Jua likiwa juu sana linajitazama majini na kurudi moja kwa moja kwenye kamera, na katikati ya picha unapata doa jeupe lisiloonyesha kitu. Oktoba kule Katavi jua la mchana linasimama karibu utosini, kwa hiyo picha za saa saba mchana ni hasara tupu.

Kipimo chako kiwe kivuli. Simama wima. Kivuli kikiwa kirefu kuliko wewe, ruka. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, kunja vifaa. Kivuli kikilingana na urefu wako jua liko nyuzi 45. Chini ya hapo, kwa kamera ya upana huu inayotazama chini wima na maji yakiwa yametulia, mng'ao unaangukia nje ya fremu.

Kwa kawaida hiyo ni kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, au alasiri kuanzia saa kumi. Mimi napenda asubuhi. Upepo bado haujaamka, maji hayana vijiwimbi, na baadhi ya viboko wamejilaza mchangani wakiota jua, ambako wanahesabika bila ubishi.

Onyo: usifike ukingoni kabla jua halijachomoza vizuri. Viboko hula usiku na hurudi majini alfajiri kwa njia zao walizozizoea. Mtu aliyesimama kati ya kiboko na maji yuko mahali pa hatari kuliko pote.

## Hatua ya 3: Jua kimo chako kinakupa nini

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo namba za watu zinapoharibika bila wao kujua.

Kwanza weka picha kwenye umbo la 3:2. Ukiiacha 16:9 kamera inakata juu na chini, na mahesabu yafuatayo hayatakuwa sahihi.

Kwa Phantom 4 Pro kanuni ni rahisi: upana wa eneo linaloonekana ni kimo mara moja na nusu, na urefu wake ni sawa na kimo. Kwa hiyo:

- Mita 60: unaona eneo la mita 90 kwa 60. Pikseli moja (nukta ndogo kabisa inayounda picha) ni sentimita 1.64 za ardhini.
- Mita 80: mita 120 kwa 80. Pikseli moja ni sentimita 2.19.
- Mita 100: mita 150 kwa 100. Pikseli moja ni sentimita 2.74.

Sasa mfikirie kiboko aliyetoa kichwa tu, tuseme sentimita 65 za kichwa juu ya maji. Kwa mita 60 kichwa hicho ni pikseli 40 hivi, na unaona masikio, uvimbe wa macho na pua. Kwa mita 100 ni pikseli 24. Bado unamwona, lakini sasa anafanana na jiwe. Ukipanda zaidi ya hapo unaanza kubahatisha, na kumbuka kikomo cha kawaida cha kisheria ni futi 400, takriban mita 120.

Kwa hiyo panga kuhesabu ukiwa mita 60. Panda hadi 80 au 100 pale tu bwawa likiwa kubwa kuliko fremu, au wanyama wakionyesha wasiwasi.

Onyo kubwa: kimo kinachoandikwa kwenye skrini kinapimwa kutoka ulipoanzia kuruka, wala si kutoka usawa wa maji. Ukirusha kutoka kwenye ukingo ulioinuka mita 15 juu ya maji, skrini inasema 60 wakati juu ya maji uko 75. Mwaka unaofuata mwenzako anarukia chini mchangani, anaandika 60 ileile, na mnalinganisha vitu viwili tofauti.

Turubai lako la mita 2 linaondoa ubishi huo. Litandike kwenye mchanga ulio karibu sawa na usawa wa maji, mbali na wanyama, mahali askari aliporidhika napo. Lipige picha ukiwa kwenye kimo cha kazi, kisha upime urefu wake kwa pikseli. Kwa mita 60 unatakiwa kupata kama 122. Ukipata 97, ulikuwa mita 75.

Umefanikiwa ikiwa kwenye daftari kuna vimo viwili kwa kila mruko: kilichoandikwa na skrini, na kilichothibitishwa na turubai.

## Hatua ya 4: Ruka kwa adabu

Chagua mahali pa kurukia palipo mita 150 au zaidi kutoka kwa kundi, wazi, pasipo na njia ya viboko. Njia zao utazijua: ni mifereji iliyochimbika ardhini, mipana, yenye kinyesi kilichotapakaa vichakani. Usiweke hata begi juu yake.

Weka kimo cha kurudi nyumbani (ambacho droni hupanda inapojirudisha yenyewe) juu ya mti mrefu kuliko yote ya eneo, na uongeze mita 20. Mivumo na mikuyu ya kando ya mto imeshakula droni nyingi zilizokuwa zikirudi zenyewe.

Panda wima hadi mita 100 ukiwa bado mbali. Kisha sogea juu ya bwawa taratibu. Usiende ukishuka kwa pembe kuelekea wanyama, maana kitu kinachowajia kwa mteremko kinafanana na shambulio. Ukiwa juu yao, shuka mita 10 kwa mara moja, usubiri dakika moja, na mwangalizi atazame.

Dalili za kusimama:

- Vichwa vingi vinageuka upande mmoja kwa pamoja.
- Waliolala mchangani wanainuka na kuingia majini.
- Wengi wanazama kwa mpigo mmoja.

Ukiona mojawapo, panda mita 20 na subiri. Kundi lililoshtuka limezama, na ukilihesabu hivyo unapata namba ndogo isiyo ya kweli. Kwenye kazi hii kuwaheshimu wanyama na kupata namba sahihi ni kitu kimoja.

Tembo wakija kunywa, ondoka. Mlio wa droni unawakera vibaya, na kule Tarangire na Serengeti droni zimetumika makusudi kuwafukuza mashambani. Hutaki kuwa wewe uliyewanyima maji kiangazi. Na furukombe akianza kuizunguka droni, usikimbizane naye. Panda wima haraka, maana ndege hao hushambulia kwa kutokea juu, kisha rudi utue.

Tua betri ikiwa asilimia 30. Joto la kiangazi na upepo wa ghafla vinakula ile akiba uliyodhani unayo.

## Hatua ya 5: Piga picha kwa mfululizo, usipige moja

Kiboko mzima huweza kukaa chini ya maji hadi dakika tano hivi, halafu anachomoza kuvuta pumzi. Kwa hiyo picha moja lazima iwakose baadhi yao, na picha mbili zilizopishana kwa sekunde kumi zinawakosa walewale.

Kwa bwawa linaloingia kwenye fremu moja (mita 60 juu, bwawa lisizidi kama mita 80 kwa 50 ili ubaki na ukingo pande zote):

1. Simamisha droni juu ya katikati ya bwawa. Kamera itazame chini wima.
2. Weka kasi ya shata 1/800 ya sekunde au zaidi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) isizidi 400 kama mwanga unaruhusu.
3. Piga picha kila sekunde 30 kwa dakika 10. Utapata picha 21.
4. Usisogeze droni kabisa. Fremu isiyosogea ndiyo inayokuhakikishia kwamba hakuna aliyehesabiwa mara mbili.

Dakika 10 zinatosha kila mnyama kuchomoza mara mbili au zaidi. Hawatachomoza wote pamoja, lakini katika picha 21 kutakuwa na chache ambazo wengi wako juu kwa wakati mmoja. Hizo ndizo unazozitafuta.

Mtu wa darubini ahesabu kutoka ukingoni katika dakika hizohizo 10 na aandike namba yake bila kuwaambia wengine. Utaihitaji baadaye.

Kwa kipande cha mto kirefu huwezi kusimama dakika 10 kila mahali. Gawa mto kwa vipande vya mita 800 hivi, uruke kutoka katikati ili droni ibaki machoni mwako mwisho hadi mwisho. Fuata mkondo kwa mita 6 kwa sekunde, picha kila sekunde 3. Hapo kila picha inasogea mita 18 kutoka iliyotangulia, yaani asilimia 70 ya picha inaingiliana na jirani yake. Kwa shata ya 1/1000 droni inasogea milimita 6 tu picha ikipigwa, chini ya pikseli moja. Kwa 1/200 inasogea sentimita 3, karibu pikseli mbili, na masikio yanageuka ukungu.

Pita mara tatu juu ya kipande kilekile. Kupita mara moja ni dakika mbili na robo, kwa hiyo mara tatu zinaingia kwenye betri moja bila wasiwasi.

Umefanikiwa ikiwa ukizikuza picha pale pale porini, kabla ya kuondoka, unaona masikio. Huyaoni? Rudia sasa hivi. Mjini hakuna viboko wa kurudia.

## Hatua ya 6: Hifadhi siku ileile

Jioni nakili kadi kwenye diski mbili, na diski hizo zisilale kwenye begi moja. Fungua folda kwa kila mruko na uipe jina lenye tarehe, bwawa na namba ya mruko. Usifute picha zinazoonekana mbaya, maana utazihitaji kuonyesha kwa nini mruko huo haukutumika.

## Hatua ya 7: Hesabu kwa macho mawili tofauti

Kwanza, jambo linalowaangusha wengi: usihesabu kwenye ramani iliyounganishwa na programu. Programu huunganisha picha kwa kutafuta alama zisizosogea. Maji yanasogea, viboko wanasogea. Anayesogea kati ya picha mbili anaweza kutokea mara mbili, kukatwa nusu, au kufutwa kabisa. Ramani hiyo itakusaidia kuchora umbo la bwawa. Hesabu ifanyike kwenye picha mbichi.

Kwa bwawa, pitia picha zote 21 haraka haraka na chagua tatu zenye wanyama wengi zaidi. Hizo tatu zihesabiwe kwa makini na watu wawili, kila mmoja kwenye kompyuta yake, bila kuongea. Chora gridi juu ya picha, nenda chumba kwa chumba, weka nukta juu ya kila mnyama. Bila gridi jicho linaruka, na hutajua limeruka wapi.

Kubalianeni kanuni hizi mapema na mziandike:

- Kichwa kimoja ni mnyama mmoja, hata kama mwili hauonekani.
- Mgongo usio na kichwa ni mnyama mmoja kama uko mbali na kichwa chochote kuliko urefu wa mwili, yaani mita 3 hivi. Kwa mita 60 hiyo ni pikseli 180.
- Ndama ni yule asiyefika nusu ya urefu wa mkubwa aliye karibu naye. Andika safu yake peke yake. Tazama vizuri juu ya migongo ya majike, ndama hupumzika hapo.
- Usiye na uhakika naye anapata alama ya kuuliza, na safu yake ni tofauti. Usimpe wala usimnyime.

Kuhusu alama za kuuliza, mfululizo wa picha ndio hakimu. Nina picha moja ya bwawa la matope ambayo yangeyange mweupe amesimama juu ya kitu cheusi kirefu. Wahesabuji wawili waliandika gogo. Picha iliyofuata, sekunde 30 baadaye, yangeyange yuko hewani mbawa zimekunjuka, na pale palipokuwa na gogo pana duara la viputo. Gogo halizami. Kila alama ya kuuliza ifuatilie kwenye picha ya kabla na ya baada. Jiwe litakuwa palepale katika zote 21. Mamba utamjua kwa mkia.

Kwa mto, hesabu kila mpito wa mita 800 kivyake, kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, ukitumia mti, jiwe au kona ya ukingo kama mpaka kati ya picha moja na inayofuata. Mnyama aliye kwenye eneo la mwingiliano ahesabiwe kwenye picha moja tu.

## Hatua ya 8: Pata namba unayoweza kuitetea

Tuseme mhesabuji wa kwanza ameweka nukta 48, wa pili 45, na mkizilinganisha mnakuta 43 zimewekwa na wote wawili juu ya mnyama yuleyule. Zidisha 48 kwa 45, gawa kwa 43. Unapata 50. Hayo ni makadirio ya wanyama waliokuwa wakionekana kwenye picha, pamoja na wachache ambao nyote wawili mliwapita. Kama tofauti kati ya wahesabuji ni kubwa, kwa mfano wanakubaliana wanyama 30 tu, msitumie kanuni kuficha shida. Kaeni chini, rudini kwenye kanuni za hatua ya 7, mhesabu upya.

Kanuni hii inarekebisha makosa ya macho peke yake. Waliozama haiwajui. Ndiyo sababu ya mfululizo: chukua ile picha yenye idadi kubwa kuliko zote. Kwenye fremu isiyosogea, namba hiyo ni wanyama waliokuwepo kweli, wote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo iandike kama idadi ya chini: "si pungufu ya 50". Usitumie wastani wa picha 21, maana wastani unachanganya dakika ambazo nusu ya kundi lilikuwa chini.

Rudia siku tatu, saa ileile. Ripoti namba za siku zote tatu. Zikiwa 50, 47 na 52, una kazi nzuri mkononi. Zikiwa 50, 21 na 64, kuna kitu: kundi lilishtuka, au kuna bwawa jingine jirani ambalo wanyama wanahamiahamia. Litafute.

Kwa mto usichukue kubwa ya kila picha ukazijumlisha. Wanyama wanahama kutoka picha moja kwenda nyingine, na utajikuta umehesabu mmoja mara tatu. Jumlisha mpito mzima, kisha chagua mpito wenye jumla kubwa. Jumlisha vipande vyote vya mto hivyo, halafu gawa kwa urefu wake wote: wanyama 312 kwenye kilomita 24 ni 13 kwa kilomita. Hiyo ndiyo inayolinganishwa mwaka hadi mwaka.

Sasa chukua namba ya mtu wa darubini. Kama yeye alipata 38 na droni 50, andika zote mbili. Hifadhi nyingi zina hesabu za miaka ya nyuma zilizofanywa kwa miguu, na bila siku chache za kuhesabu kwa njia zote mbili, mtu atatazama jedwali na kudhani viboko wameongezeka ghafla mwaka droni ilipofika. Kosa hilo ni zito. Virunga, kule Kongo, ilikuwa na zaidi ya viboko 25,000 miaka ya 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 2000 walikuwa chini ya 1,000. Namba iliyopanda kwa sababu ya kifaa inaweza kuficha kundi linaloporomoka, na kiboko yuko kwenye orodha ya wanyama walio hatarini tangu 2006.

Watu huniuliza kuhusu kamera ya joto. Watafiti waliofanya kazi Garamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, waliijaribu kwa viboko pamoja na programu ya kuhesabu yenyewe, na ni njia inayofanya kazi. Ila ni ghali na ina masharti yake ya saa na joto la maji. Ukishamudu utaratibu huu wa kamera ya kawaida ndipo uifikirie.

## Hatua ya 9: Andika ripoti ambayo mtu mwingine ataweza kuirudia

Kwa kila mruko weka: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, bwawa au kipande, kimo kilichothibitishwa, aina ya droni na kamera, upepo (hakuna, kidogo, vijiwimbi), hali ya maji, idadi ya picha, majina ya wahesabuji, namba zao kabla ya kulinganishwa, wakubwa, ndama, alama za kuuliza, na tabia ya wanyama droni ilipofika. Mizoga nayo iandike, na toa taarifa siku hiyohiyo kwa hifadhi bila kuigusa. Mwaka 2004 kimeta kiliua viboko wengi katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, na ugonjwa huo unampata binadamu pia. Droni inaweza kuwa ya kwanza kuuona mzoga ule wa pili unaogeuka kuwa kumi.

Kabla ya kumtumia mtu yeyote picha, ondoa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili. Meno ya kiboko yana soko, na picha yako inabeba latitudo na longitudo za bwawa lenye wanyama 50 wasio na pa kukimbilia hadi mvua inyeshe. Nakala yenye taarifa kamili ibaki kwako na kwa hifadhi. Ripoti ya watu wote itaje mto na wilaya, basi.

Mwaka ujao rudi mwezi uleule, kimo kilekile, vipande vilevile, turubai lilelile.